Lumbesa ya wati

Wiki hii naomba siasa zipumzike kidogo. Nataka kuzungumzia kitu ambacho baadhi yenu mtakiita uhuni wa vijana wasio na kazi: muziki wa kwenye magari. Naam, sabufa na amplifaya. Nisikilizeni kwanza kabla hamjafunga ukurasa, maana kwenye mabuti ya magari yetu hapa Singida kuna pesa za watu zinateketea, na siku nyaya zikifungwa vibaya linaweza kuteketea gari zima.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nami ajue tunabishania nini. Shida ya muziki wa magari yetu si umaskini, wala si ufundi wa chini ya mwembe. Shida ni kwamba tunanunua namba iliyoandikwa kwenye boksi. Tunaamini namba kubwa ndiyo muziki mkubwa, tunasahau kwamba amplifaya na sabufa ni kama watu wanaotaka kuoana: lazima uulizie kama wanaendana kabla hujatoa mahari.

Tuanze kwa kukubaliana kwamba muziki kwenye gari si anasa tu. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya kule, ambayo kwa miaka mingi yalianzia megahezi 76 yakaishia 90. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo gari linashuka bandarini Dar es Salaam likiwa na redio inayoshika vistesheni viwili vitatu mwanzoni, zaidi ya hapo ni mkwaruzo. Mwenye gari ana njia mbili: anunue kile kidubwasha cha kuhamisha masafa, au ang'oe redio afunge deki mpya. Akishafunguliwa dashibodi tu, fundi anamnong'oneza: "Boss, kwa nini tusimalizie kabisa na sabufa?" Hapo safari imeanza.

Na kwa wengine ni biashara kabisa. Noah na Hiace zinazotoka mjini kwenda Kiomboi, Ikungi au Manyoni zinagombania abiria walewale. Nauli ni ileile, viti ni vilevile, vumbi ni lilelile. Mwanachuo mwenye begi mgongoni atapanda lenye muziki. Wenye matatu kule Nairobi walilijua hili zamani, ndiyo maana nganya zao zikawa disko linalotembea. Bajaji zetu nazo hazikubaki nyuma. Na yule dereva wa lori aliyepakia mzigo wa Rwanda au Burundi, anayepita Manyoni saa nane usiku huku mlima Sekenke bado unamsubiri mbele, muziki kwake ni utingo wa pili. Unamzuia asisinzie.

Kwa hiyo siandiki kumcheka mtu. Naandika kwa sababu watu hawa wanatoa pesa halali, tena nyingine ya mkopo, halafu wanarudi nyumbani na kelele.

Lumbesa mnaijua. Nenda pale Misuna kwenye soko la vitunguu uone mjadala wake. Gunia limejaa mpaka mdomoni, halafu juu yake kinashonwa kilemba. Kwenye hesabu ya mnunuzi ni gunia moja, kwenye mgongo wa mkulima ni gunia na ushee. Tumeipigia kelele miaka na miaka, Wakala wa Vipimo wameihubiri, Sheria ya Vipimo inaikataza, na sidhani kama kuna mtu wa mkoa huu asiyekuwa na la kusema juu yake. Sasa ajabu ni hii: mtu yuleyule anayevimba mishipa ya shingo kwa ajili ya kilo ishirini za vitunguu anaingia duka la vifaa vya magari, anaoneshwa boksi lenye picha ya moto na radi, limeandikwa wati 3000, anatoa pesa bila kuuliza swali hata moja. Ndugu zangu, ile nayo ni lumbesa. Tofauti ni kwamba kilemba cha Misuna kina vitunguu ndani. Hiki cha dukani kimejazwa hewa.

Hesabu yake haihitaji shahada. Gari likiwa linaunguruma, umeme wake ni volti 13.8 hivi, wakati mwingine 14.4. Nguvu ni volti mara ampea. Ili upate wati 3000 kwa volti 13.8 unahitaji ampea 217, na hapo tumeifadhili amplifaya yetu kwa kusema haipotezi umeme hata chembe, jambo ambalo hakuna amplifaya duniani inayoliweza. Altaneta ya gari dogo mara nyingi ni ya ampea 70 hadi 100, na humohumo kuna taa, feni, vipangusio vya kioo na kompyuta ya injini, vyote vinataka kula. Hizo ampea 217 zitatoka wapi?

Sasa igeuze amplifaya yako, angalia ubavuni panapoingia nyaya. Nyingi zina fyuzi pale. Fyuzi aliiweka mtengenezaji mwenyewe kuilinda bidhaa yake, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kudanganya. Tuseme ni mbili za ampea 25, jumla 50. Zidisha mara 13.8, unapata wati 690. Huo ndio umeme unaoingia. Kama ni amplifaya ya klasi AB, karibu nusu yake itaishia kuwa joto. Kinachofika kwenye spika ni wati 350 hadi 400 na kidogo. Kama ni klasi D, ambazo hupoteza kidogo zaidi, utapata kama 550. Mzigo wa elfu tatu umekuwa mia nne, au mia tano na hamsini kama una bahati.

Namba ya kutafuta inaitwa RMS. Hiyo ndiyo nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo, na ambayo sabufa inaweza kuipokea mfululizo, wimbo mpaka wimbo. Ile nyingine, ya "max" au "peak", ni ya kufumba na kufumbua, na mara nyingi hata huko kufumba na kufumbua ni ya kufikirika. Sisi ni watu wa kuku wa kienyeji. Hakuna Mnyaturu wala Mnyiramba anayenunua kuku kwa wingi wa manyoya. Unamshika, unambinya kifua, unampima mkononi, ndipo mnaongea bei. Kwa nini tukifika kwenye amplifaya tunanunua manyoya?

Tena huu si ugonjwa wetu peke yetu. Marekani wauzaji walikuwa wanapandisha wati kwenye matangazo mpaka serikali ikachoka. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya kule, FTC, ikatoa kanuni ya kuwalazimisha wauzaji wa amplifaya za nyumbani kutaja nguvu ya mfululizo iliyopimwa kwa utaratibu mmoja. Vifaa vya magari vikabaki nje ya kanuni hiyo. Ndipo mwaka 2003 chama cha wenye viwanda vya elektroniki kikatoa kiwango kinachoitwa CEA-2006, siku hizi CTA-2006: amplifaya ya gari ipimwe kwa volti 14.4, mzigo wa omu 4, na mkwaruzo usiozidi asilimia 1. Ukiona alama hiyo kwenye boksi halisi, namba yake ina adabu. Lakini kiwango chenyewe ni cha hiari. Asiyetaka kupimwa hapimwi, na wasiotaka kupimwa ndio waliojaa kwenye rafu zetu.

Hilo ni la wati. Kuna la pili ambalo ndilo linaloua vifaa vingi zaidi, nalo ni omu.

Omu ni ukinzani. Fikiria mashine ya kusukuma maji iliyofungiwa bomba. Bomba likiwa jembamba, maji yanapita kidogo na mashine inapumua. Ukilitanua, maji mengi yanapita. Ukilitanua kupita uwezo wa mashine, inahema, inapata moto, inakufa. Sabufa ndiyo bomba. Omu nyingi ni bomba jembamba, omu chache ni bomba pana. Kila amplifaya ina kiwango cha chini cha omu inachokimudu: nyingine 4, nyingine 2, nyingine 1. Kimeandikwa kwenye kitabu chake, kile kinachotupwa pamoja na boksi.

Namfahamu dereva mmoja wa Noah, jina nalihifadhi, ambaye mavuno ya alizeti ya familia yalimpa kajipesa. Akanunua sabufa mbili za inchi 12, kila moja ina koili mbili za omu 4, na amplifaya inayomudu omu 2. Kwa mkusanyiko huo tu alikuwa kwenye mtego bila kujua. Fundi alifunga chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, kwa sababu ndivyo anavyofunga siku zote. Koili nne za omu 4 ukizifunga sambamba namna hiyo unapata omu 1. Amplifaya ya omu 2 ikakuta mzigo wa omu 1. Siku ya kwanza ilipiga, tena ilipiga kweli, mtaa mzima ukajua. Siku ya pili kitaa chekundu cha kujikinga kikaanza kuwaka kila wimbo ukikolea. Fundi akamwambia amplifaya ni ndogo, anunue kubwa zaidi. Siku ya nne ikatoa harufu ile ambayo ukishainusa mara moja huisahau.

Fundi angeweza kufanya nini? Njia zilikuwepo. Angeunganisha koili mbili za kila sabufa kwa mfuatano, omu 4 na 4 zikawa 8, kisha sabufa mbili za omu 8 akazifunga sambamba, zikawa omu 4. Salama, ingawa kwa omu 4 amplifaya ile ingetoa nguvu pungufu ya ile ya omu 2, na nguvu hiyo ndogo ingegawanywa kwa sabufa mbili. Njia bora zaidi ilikuwa sabufa moja tu: koili zake mbili za omu 4 zikifungwa sambamba zinatoa omu 2 kamili, chakula anachokipenda mume. Sabufa ya pili isingehitajika kabisa. Mwishowe ndivyo ilivyokuwa. Aliuza moja, akanunua amplifaya nyingine ya saizi ileile, akafungiwa na fundi mwingine mwenye kalamu na karatasi. Anasema muziki wa sabufa moja ni mnene kuliko ule wa mbili. Nimepanda, nimesikia, namuunga mkono.

Sasa kuna wale wa upande wa pili, wenye sabufa kubwa na amplifaya ndogo. Hawa hudhani wako salama. "Amplifaya ndogo haiwezi kuunguza sabufa kubwa," wanasema. Inaweza, na sababu yake ni kile kitufe cha geini.

Geini si sauti. Watu wengi wanakizungusha kitufe hicho mpaka mwisho wakidhani wanaongeza nguvu. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na umeme mdogo unaotoka kwenye deki. Ukikipitisha, amplifaya inaombwa itoe wimbi kubwa kuliko uwezo wake. Haitoi. Inalikata wimbi kichwa na miguu, linakuwa bapa kama paa la tembe. Wimbi bapa namna hiyo hubeba nguvu nyingi kuliko wimbi la duara la urefu uleule, linaweza kukaribia mara mbili. Na spika kwa kawaida hugeuza sehemu ndogo mno ya umeme kuwa sauti, mara nyingi asilimia moja hivi au pungufu. Kinachobaki chote ni joto kwenye koili. Mwenye amplifaya ndogo, akiona besi haimtoshi, anaongeza geini, anaongeza besi kwenye deki, anaongeza na kile kitufe kingine cha besi kwenye amplifaya. Koili inapikwa taratibu huku yeye akisikia mkwaruzo na kuuita muziki. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Sijui kama waliwahi kuona sabufa, lakini waliielewa.

Dawa yake ni multimita, ambayo kila fundi umeme wa magari anayo tayari. Chomoa nyaya za sabufa. Zima vikorombwezo vyote vya kuongeza besi. Weka deki kwenye robo tatu ya sauti, piga mlio wa majaribio wa hezi 50, kisha pima volti za AC pale zinapochomekwa nyaya za sabufa. Volti unayoitaka unaipata kwa kuzidisha wati kwa omu, halafu kipeuo cha pili cha jibu. Mfano: wati 400 kwa omu 2 ni 800, kipeuo chake ni 28.3. Pandisha geini taratibu kutoka sifuri, ikifika volti 28 acha, rudisha nyaya. Tumia wati ulizozipata kwa fyuzi, usitumie za kwenye boksi, la sivyo unarudi kulekule. Kazi yote ni dakika kumi. Hesabu ya kipeuo tuliifundishwa sekondari, tukalalamika kwamba haitatusaidia maishani.

La tatu ni umeme wenyewe, na hapa ndipo panaponinyima usingizi. Amplifaya ya ampea 50 iliyoko kwenye buti inakula kupitia waya unaotoka kwenye betri kule mbele, mita nne au tano. Waya ukiwa mwembamba, unapata moto. Waya wa shaba, kopa kama tunavyoiita mtaani, ni ghali, kwa hiyo soko limejaa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa juu. Aluminiamu hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba. Waya huo si haramu, ila lazima uwe mnene zaidi kufanya kazi ileile, na muuzaji hakwambii. Kuutambua ni rahisi: kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, umeshajua.

Kisha fyuzi ya pili, ile ya kwenye waya mkubwa karibu na betri. Sizungumzii zile za kwenye amplifaya. Inatakiwa iwe ndani ya sentimita 45 hivi kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kulinda waya, kwa maana waya ukikwaruzwa na bati la gari mahali fulani chini ya zulia, betri nzima inajimimina pale. Bila fyuzi hakuna wa kuukata huo umeme. Nimeona magari yaliyofungwa bila fyuzi hiyo kabisa, na nimeona moja ambayo fyuzi ilikatika ikabadilishwa na kipande cha msumari. Gari hilo linabeba abiria kumi na kitu. Ndani yake kuna petroli.

Kwa wenye malori kuna mtego wao. Scania na Fuso nyingi zinatumia volti 24, betri mbili za 12 zimefungwa kwa mfuatano. Muziki unataka 12. Njia ya mkato inayopendwa ni kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Muziki unapiga vizuri tu, ila betri hiyo moja inanyonywa peke yake, na chaji ikirudi inaziona zote mbili kama kitu kimoja. Ile inayonyonywa haijai, mwenzake inajazwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili ni za kutupa. Kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12 kipo madukani, na ni nafuu kuliko jozi ya betri za lori. Kinunue.

Najua mtakayosema. La kwanza: "Mwandishi, sisi hatuna uwezo wa hivyo vya bei mbaya, tunanunua tunachokipata." Nami nasema ndiyo maana naandika. Mwenye pesa akikosea ananunua tena. Wewe ndiye usiyeruhusiwa kukosea. Halafu kulinganisha hakuongezi gharama, mara nyingi kunaipunguza. Sikio la mwanadamu halihesabu wati kama muuzaji anavyohesabu. Ukitoka wati 400 hadi 800 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia lakini huishangilii. Ili sikio lione muziki umekuwa mkubwa mara mbili unahitaji nguvu mara kumi hivi. Kwa hiyo anayelipa maradufu kwa ajili ya wati maradufu ananunua tofauti ndogo sana. Pesa hiyo angeipeleka kwenye boksi la mbao lililopimwa kwa vipimo vya sabufa yake angeshangaa. Kila sabufa ya maana huja na karatasi inayotaja ujazo wa boksi linaloifaa, na seremala yeyote wa hapa mjini anaweza kulitengeneza akipewa vipimo. Sisi tunanunua boksi kwa kuangalia kama linaenea kwenye buti.

La pili: "Unawadharau mafundi wetu." Hapana, nawaheshimu. Watu wanaoweza kuishusha injini ya Noah chini ya mti na kuirudisha kabla ya jua kuzama hawashindwi na omu. Hakuna aliyewadai hesabu hiyo, ndiyo maana hawaifanyi. Mteja anadai kishindo, fundi anampa kishindo.

La tatu linatoka kwa wazee wa mtaa: "Hizo kelele zipigwe marufuku kabisa." Wazee wangu, mna hoja, na sheria iko upande wenu. Zipo kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Tena wa kwanza kuumia ni dereva mwenyewe. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka muda huo ukatwe nusu. Ukifika desibeli 100 ni dakika 15. Kutoka hapa hadi Manyoni ni zaidi ya kilomita mia moja. Piga hesabu mwenyewe. Lakini angalieni pia kwamba sehemu ya kelele inayowaudhi ni ule mkwaruzo na yale mabati yanayotikisika. Muziki uliolinganishwa vizuri unatosheleza gari kwa sauti ndogo, na anayesikia vizuri hana haja ya kuongeza.

Basi nini kifanyike? Tume ya Ushindani ipo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Boksi linalosema 3000 wakati fyuzi yake inasema 400 linapotosha, sioni jina lingine. Shirika la Viwango nalo lipo. Naomba waanze na jambo moja dogo: kila amplifaya na sabufa inayouzwa nchini iandikwe RMS yake na omu inazozimudu, kwa Kiswahili, kwa herufi zisizopungua zile za wati za kufikirika. VETA ipo hapahapa Singida. Kozi fupi ya jioni kwa mafundi wa muziki wa magari ingejaa wiki ya kwanza. Tukiweza kupigana na lumbesa ya vitunguu kwa miaka yote hii, hatushindwi kuianza na hii.

Wakati tunawasubiri wakubwa, maswali ni manne tu ukiwa dukani. RMS ya amplifaya ni ngapi, na fyuzi yake inakubaliana nayo? RMS ya sabufa ni ngapi, na zinakaribiana? Koili za sabufa nikizifunga zitatoa omu ngapi, na amplifaya inazimudu? Waya ni wa shaba au wa kupakwa, na fyuzi ya kwenye betri iko wapi? Muuzaji akijibu yote, mpe pesa yake na umshukuru. Akikuambia, "Boss, wewe chukua tu, huu ni mzigo wa elfu tatu," rudisha pochi mfukoni, vuka barabara, nenda duka linalofuata.

Naomba kuwasilisha. Wenye Noah, mnaruhusiwa kunirushia mawe, Singida hayajawahi kuadimika.